Keneli Pana kwa Kompyuta za Mtumba

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0, au zenye prosesa ya zamani kidogo, hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11, hata kama skrini, kibodi na diski bado vinafanya kazi vizuri. Ofisi za Ulaya na kwingineko zinapoziondoa mashine hizo, nyingi huingia katika biashara ya mtumba. Zile zinazopitia bandari ya Dar es Salaam na kuelekea Katanga huvuka Tunduma, hukata Zambia nzima na kuingia Kongo kupitia Kasumbalesa, kisha Lubumbashi. Kutoka hapo, njia ya kwenda Likasi inapita Kapolowe, mji mdogo wa territoire ya Kambove ulio karibu na ziwa lililotokea baada ya mto Lufira kuzibwa Mwadingusha. Mwalimu, muuguzi au mwenye duka la kuchapisha karatasi akipata laptopu ya aina hiyo, njia nafuu ya kuendelea kuitumia kwa usalama ni kuweka Linux. Hata hivyo, kabla mashine haijawaka, kuna mtu mahali fulani ameshaamua kwa niaba yake vifaa gani vitatambuliwa na vipi vitabaki vyuma vitupu. Mtu huyo ndiye aliyechagua draiva na famwea wakati wa kujenga keneli, na kwa mazingira kama ya Kapolowe anapaswa kuchagua kwa upana, hata pale mafundi wenzake wanapomsifia keneli nyembamba.

Keneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimama kati ya programu na chuma. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za prosesa na kuzungumza na vifaa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni keneli ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya msimbo wake ni draiva, yaani vipande vya programu ambavyo kila kimoja kinajua lugha ya kifaa au familia fulani ya vifaa. Famwea ni jambo jingine. Hii ni programu inayoendeshwa ndani ya kifaa chenyewe, kwa mfano ndani ya chipu ya Wi-Fi. Vifaa vingi vya leo havina hifadhi ya kudumu ya kuitunza, kwa hiyo kila kompyuta inapowashwa, draiva hulazimika kutafuta faili la famwea kwenye diski, kwa kawaida katika folda ya /lib/firmware, na kulimimina ndani ya chipu. Draiva ikiwepo na faili likikosekana, keneli huiona kadi, hulitaja jina lake, kisha haiwezi kuitumia. Tangu toleo la 4.14 la Novemba 2017, mafaili hayo hayasafiri tena pamoja na msimbo wa keneli. Yanakaa katika ghala lake, linux-firmware, na anayesahau ghala hilo amejenga nusu ya kazi.

Uchaguzi wenyewe hufanyika katika menyu ndefu inayofunguliwa kwa amri ya make menuconfig. Mbele ya draiva nyingi mjenzi ana majibu matatu. Y inaiunganisha draiva moja kwa moja na keneli, M inaifanya moduli inayokaa kwenye diski hadi itakapohitajika, na N inaiacha nje kabisa. Anayeanza hudhani Y ni salama kuliko M, kwa kuwa kitu kilichounganishwa hakiwezi kupotea. Kwa vifaa vinavyohitaji famwea, mambo yanaweza kugeuka. Draiva iliyounganishwa huamka mapema sana, kabla diski yenye /lib/firmware haijafunguliwa, hivyo hutafuta faili mahali ambapo bado hapapo. Katika kumbukumbu za keneli, zinazosomwa kwa amri ya dmesg, huonekana mstari unaosema upakiaji wa famwea ya iwlwifi, draiva ya kadi za Wi-Fi za Intel, umeshindikana kwa kosa namba -2, ambalo maana yake ni kwamba faili halikupatikana. Faili lenyewe lipo kwenye diski, ila limeitwa kabla ya wakati wake. Kwa kadi za picha za Radeon, kosa la aina hiyo linaweza kumwacha mtu akitazama skrini nyeusi. Dawa ni kuchagua M, au kuiweka famwea katika mfumo mdogo wa kuanzia unaopakiwa pamoja na keneli, au kuipachika ndani ya keneli kwa chaguo la CONFIG_EXTRA_FIRMWARE.

Kwenye jiji lenye intaneti ya kebo, kosa hili ni usumbufu wa dakika chache. Mahali ambapo njia ya intaneti ni simu na bando lake, linaweza kuwa mtego, kwa sababu faili la kuifufua Wi-Fi linapatikana mtandaoni, na mtandao wenyewe unasubiri Wi-Fi. Njia ya kutokea ni kuichomeka simu kwa waya wa USB na kushiriki intaneti yake, ila nayo inahitaji draiva: rndis_host kwa simu nyingi za Android. Modemu za USB zina ujanja wao. Modemu nyingi za Huawei zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows, na hazigeuki kuwa modemu mpaka programu ya usb_modeswitch iziamuru. Baada ya hapo zinahitaji draiva kama option au huawei_cdc_ncm. Aliyeweka N mbele ya mistari hiyo, kwa kuwa ofisini kwake hakuna anayetumia modemu, ameziba mlango wa pekee aliobaki nao mtu wa mbali.

Hapa ndipo sifa ya keneli nyembamba inapoanza kupungua uzito. Amri ya localmodconfig, iliyoingia katika toleo la 2.6.32 mwishoni mwa mwaka 2009, hutazama moduli zinazotumika wakati huo na kuzitupa nyingine zote. Keneli hujengwa haraka na hutoka ndogo. Lakini amri hiyo inajua kilichochomekwa saa ile tu. Printa iliyokuwa kabatini, modemu ya jirani na projekta ya shule ya jirani hazikuwapo, hivyo hazihesabiki. Ni sawa na kushona shati kwa kipimo cha mtoto siku moja, kisha kumtaka asikue. Kompyuta ya mtumba hubadilishwa kadi ya Wi-Fi ikifa, hukopeshwa diski, huhamishiwa ofisi nyingine, na kila badiliko linaomba draiva ambayo jana haikuwa na kazi. Gharama ya kuiweka moduli hiyo tayari ni ndogo: isipopakiwa haitumii kumbukumbu ya kufanyia kazi, inachukua nafasi ya diski tu. Hata linux-firmware, ambalo ni ghala zito kwa vipimo vya mtu wa bando, linaweza kubanwa na kubebwa kwenye flashi kutoka Lubumbashi mara moja, likahudumia mashine nyingi.

Pingamizi zito zaidi linahusu usalama. Kila msimbo ulioongezwa ni ukuta mwingine unaoweza kuwa na ufa, na mfano upo. Februari 2017 ilitangazwa kasoro katika DCCP, itifaki ya mtandao ambayo karibu hakuna aliyeitumia, na ambayo ufa wake ulikuwa humo tangu mwaka 2005. Kwenye mifumo mingi moduli yake ilikuwa tayari kwenye diski, na mtumiaji wa kawaida asiye na madaraka aliweza kuifanya ipakiwe kwa kuiomba tu, kisha kuitumia kujipa mamlaka yote ya mashine. Hoja hii ni ya kweli, ila inatufundisha kutofautisha aina mbili za moduli. Itifaki adimu huamshwa na programu yoyote inayoiomba, ilhali draiva ya kadi ya Wi-Fi kwa kawaida huamshwa na kuwapo kwa kadi yenyewe. Mjenzi mwenye busara ataziwekea N itifaki na mifumo ya mafaili isiyotumiwa na mtu, huku akiziachia M draiva za vifaa ambavyo watu wanaweza kukutana navyo.

Pingamizi la pili ni la uhuru. Famwea nyingi zimefungwa, hakuna anayeweza kuzisoma nje ya kampuni iliyoziandika, na wapo wanaosambaza keneli iliyoondolewa kabisa vipande hivyo, Linux-libre. Madai yao yana msingi. Lakini kuikataa famwea hakuifungui chipu, kunaizima tu, na anayebaki bila mtandao ni yule asiye na fedha za kununua kadi nyingine. Jumuiya ya Debian, inayosambaza mfumo wa Linux na yenye msimamo wa muda mrefu kuhusu programu huria, ilipiga kura kuhusu suala hili mwaka 2022, na toleo lake la 12 la Juni 2023 likaanza kuweka famwea zilizofungwa katika diski rasmi ya kusakinisha, zikiwa katika fungu lake lenyewe ili mtu ajue alichokipokea. Huo ni uamuzi wa haki: kutoficha kitu, na kutomnyima mtu mashine yake.

Kuna mahali wembamba ni lazima. Ruta ndogo yenye megabaiti nane za hifadhi haina nafasi ya draiva ambazo haitazitumia kamwe, na vifaa vyake havibadiliki. Kwa laptopu na kompyuta za mezani, fundi wa Likasi au Kapolowe hana haja ya kujenga keneli kila wiki. Mara nyingi iliyokuja na mfumo kama Debian au Ubuntu inatosha, kwa kuwa tayari ni pana. Akilazimika kujenga, asianze na ukurasa mtupu: achukue faili la machaguo la keneli hiyo lililo katika folda ya /boot, aliendeleze kwa amri ya make olddefconfig, kisha apunguze kwa sababu anayoweza kuieleza. Kazi hiyo aifanye kwenye mashine moja yenye nguvu na atengeneze pakiti ya kusambaza kwa nyingine, maana kujenga moduli zote kwenye laptopu kuukuu huchukua saa nyingi, na umeme hausubiri. Aangalie pia kama prosesa ni ya biti 64, kwa sababu Debian 13 ya Agosti 2025 haisakinishwi tena kwenye kompyuta za biti 32. Na kabla ya kuikabidhi mashine kwa mwenyewe, azime intaneti ya ofisini kwake na kuijaribu kwa simu, kwa modemu na kwa Wi-Fi. Kipimo cha keneli nzuri ni kwamba mtu aliye mbali na fundi anaweza kulijaza mwenyewe pengo lililobaki.