Mashine ya Kuhesabu Sarafu na Faida Zake

Sisi wakulima wa karafuu twaijua vema taabu ya vitu vidogo vidogo. Karafuu moja haina uzito mkononi, lakini pishi ikipungua mchumaji hunung'unika, na ni haki yake. Fedha ndogo nazo ni vivyo hivyo. Mtunza fedha akikosea sarafu kumi, maneno huanza, na mtu mwaminifu huweza kuitwa mwizi.

Wazee watazikumbuka senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, zilizokuwa na tundu katikati. Watu walizitunga uzini kama shanga, wakazihesabu kwa vidole. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake mwezi wa Juni 1966, na sarafu zetu wenyewe zikaingia. Leo tunatumia za shilingi 50, 100, 200 na 500. Hii ya 500 ilitolewa mwaka 2014, kwa kuwa noti yake ilikuwa ikichakaa upesi mikononi mwa watu. Basi sarafu mifukoni zimezidi thamani, na kosa la kuhesabu limezidi hasara.

Natutwae mfano wa Singida mjini, huko bara, mji ulio karibu na maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai. Huko huuzwa mafuta ya alizeti, vitunguu na kuku, na katika biashara ya rejareja chenji haiishi kudaiwa. Tuseme mwenye duka amejaza debe lake sarafu 1,000 za shilingi 200, 1,000 za shilingi 100, na 1,000 za shilingi 50. Hizo ni shilingi 350,000. Akizihesabu kwa mkono usiku, macho yamechoka, hana budi kurudia mara mbili, na pengine kila mara apate jumla nyingine. Mashine ndogo ya mezani inayohesabu sarafu 300 kwa dakika huimaliza kazi hiyo kwa dakika kumi.

Hufanyaje kazi? Sarafu humiminwa katika bakuli la juu. Chini yake pana sahani inayozunguka kwa umeme. Mzunguko huzitupa sarafu ukingoni, kama gurudumu la baiskeli lirushavyo matope, nazo hushika njia nyembamba moja moja. Njiani mna matundu, dogo likitangulia na kubwa likifuata. Kila sarafu huanguka katika tundu linaloienea, ikaingia kisanduku chake. Ni kazi ya chekeche tu. Ikianguka hukata mwali wa jicho la umeme, na hesabu huongezeka moja. Mashine za bei kubwa hupima pia madini kwa sumaku ya umeme, zikaitenga sarafu ya bandia au ya kigeni.

Faida yake ya kwanza ni wakati. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni amani. Mlipaji na mlipwaji huiona tarakimu moja, wala hapana wa kumtuhumu mwenziwe.

Lakini anayetaka kununua na azingatie haya. Mashine iwe imetengenezwa kwa sarafu zetu, kwani ya nchi nyingine ina matundu ya vipimo vingine. Ijaribiwe dukani kwa sarafu za kila namna, hasa ya shilingi 50 ambayo ina pembe saba. Sarafu zilizopinda, zilizolowa au zenye mchanga ziondolewe kwanza, kama tuondoavyo makonyo katika karafuu, maana huziba njia. Na mwenye sarafu chache asijitie gharama. Mizani nzuri yamtosha: apime sarafu 100 za aina moja, aandike uzito wake, kisha uzito huo uwe kipimo chake cha kila siku.

Mwisho, mashine haijui fedha imetoka kwa nani wala yaenda wapi. Tawi likiwa nayo au likiwa halina, hesabu na ifanywe mbele ya mashahidi wawili, stakabadhi iandikwe, na jumla iingizwe kitabuni siku ile ile. Mali bila daftari huisha bila habari.