Shimo Jeusi na Majirani Zake

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani ya kupima eksirei za angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi hung'aa kwa eksirei, na kwamba mng'ao huo hautoki kwenye galaksi moja moja tu, bali umetanda katikati yake. Unatoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, ambayo kwa jumla ina uzito kuliko nyota zote za kundi. Kumbe galaksi hazielei patupu.

Gesi hiyo ina neno na mashimo meusi. Karibu kila galaksi kubwa ina shimo kitovuni, lenye uzito wa mamilioni au hata mabilioni ya Jua. Mengi yamelala, la kwetu likiwemo. Likipata gesi, gesi hiyo haidumbukii moja kwa moja; huzunguka kwanza kama maji kwenye tundu la karo, hujisugua, hupata moto, na kiini huweza kuwaka kuliko nyota zote za galaksi yake. Hicho ndicho kiini amilifu. Ule ufyonzaji wa kila kitu ni mambo ya sinema. Taabu ya shimo ni kufikishiwa chakula, maana gesi inayozunguka mbali nalo haishuki mpaka kitu kiivuruge.

Ungedhani basi penye galaksi nyingi ndipo penye viini vingi vya namna hii. Mwaka 1985 Alan Dressler na wenzake walihesabu wakakuta kinyume: karibu asilimia 5 ya galaksi zilizo nje ya makundi makubwa, lakini asilimia 1 tu ndani yake. Sababu mojawapo ni mwendo. Ndani ya kundi kubwa galaksi hupishana kwa kasi ya kama kilomita 1,000 kwa sekunde, hazina wasaa wa kuungana. Kwenye vikundi vidogo mwendo ni wa taratibu, zinashikana na gesi inamwagika kitovuni. Galaksi NGC 6240 imetokana na muungano wa aina hiyo, na mwaka 2002 darubini ya Chandra ilikuta ndani yake mashimo mawili, yote yanakula.

Isitoshe, galaksi inayoingia kundini hukutana na gesi ile ya moto kama upepo wa mbisho, ikavuliwa gesi yake mpaka ikaburuta nyuzi nyuma kama konyeza, yule mnyama wa baharini anayewasha. Lakini mwaka 2017 Bianca Poggianti na wenzake walichunguza galaksi 7 zenye mikia mirefu kabisa, wakakuta viini 6 vinawaka. Huenda upepo uleule unaopora gesi pembeni husukuma nyingine ndani. Saba ni chache, sitakula yamini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni NGC 1275, iliyo katikati ya kundi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 240. Carl Seyfert aliiorodhesha mwaka 1943 kati ya galaksi zenye viini vya ajabu. Hapo jirani analisha na shimo linajibu. Gesi ya katikati ni nzito, hupoa na kudondoka kitovuni. Shimo likishakula hutema mikondo inayoipuliza gesi iliyobaki, yakatokea mapovu kama ya uji mzito unaochemka, ila povu moja lina upana wa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru. Mwaka 2003 Chandra ilionyesha mawimbi ya sauti yanayosambaa kutoka hapo, moja kila baada ya miaka kama milioni 10. Sikio gani litasubiri?

Hivyo gesi inapashwa moto tena, na mlo unapungua. Kinachosumbua ni jinsi joto hilo linavyofika mbali. Setilaiti ya Kijapani Hitomi iliipima gesi hiyo mwaka 2016, muda mfupi kabla haijaharibika, ikakuta inakorogeka kwa kasi ya kama kilomita 164 kwa sekunde. Kwa jirani wa shimo linalopuliza kiasi hicho, huo ni utulivu.