Ngome ya Yesu: Kuisoma Historia ya Bahari kwa Ramani na Setilaiti

Askari asiyejua kuisoma ardhi ni sawa na nahodha asiyezijua nyota. Kwa hiyo si ajabu kwamba mchezo mmoja wanaoupenda raia wengi duniani umetokana na chombo kilichobuniwa kwa matumizi ya kijeshi. Mchezo huo huitwa jiokachingi, nao ukitumiwa kwa busara waweza kumfunza askari mambo mawili kwa pamoja: kujua mahali aliposimama, na kujua yaliyotendeka hapo kabla yake.

Asili yake ni hii. Setilaiti za GPS ni mali ya serikali ya Marekani, na kwa miaka mingi raia walipewa vipimo vilivyopotoshwa makusudi, hata mtu akaweza kukosea kwa kadiri ya mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, upotoshaji huo ulikomeshwa. Tarehe 3 Mei 2000 Mmarekani mmoja, Dave Ulmer, alificha ndoo yenye daftari na vitu vidogo vidogo katika jimbo la Oregon, kisha akatangaza latitudo na longitudo ya mahali hapo. Watu wakaitafuta, wakaipata, wakaandika majina yao. Kanuni ni chache: mwenye kuchukua kitu na aache kingine, chombo kirudishwe palipokuwa, wala pasichimbwe shimo la kukifichia. Mahali pengine hapafichwi kitu chochote; mtafutaji hupewa swali, na jibu lake limo katika jiwe, kibao au ukuta wa hapo hapo.

Namna hii ya pili ndiyo inayozifaa ngome za kale, na hakuna mfano ulio bora kwetu kuliko Ngome ya Yesu, iliyoko Mombasa, kusini kidogo ya latitudo ya 4 na mashariki ya longitudo ya 39. Waganda hatuna bahari, lakini mizigo yetu mingi hupitia Mombasa, na ni huko ambako ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza mwaka 1896.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Swali la kwanza la mtafutaji lingekuwa: kwa nini imesimama juu ya mwamba ule? Akiuelekea mlango wa bahari atajibu mwenyewe, kwani kila chombo kilichoingia bandari ya kale kilipita chini ya mizinga yake. Swali la pili lingempeleka kwenye njia ya matao, iliyokatwa katika mwamba hadi ufukoni. Humo ndimo ilimopita posho na baruti kutoka merikebuni, na bila njia hiyo kuta nene zisingefaa kitu.

Ukweli huo ulidhihirika tarehe 13 Machi 1696, Waarabu wa Omani walipoizingira ngome. Mazingiwa yalidumu miezi 33. Adui mkubwa wa waliokuwamo hakuwa mzinga, bali njaa na maradhi. Katikati ya mwaka 1697 Wareno wa ngomeni walikuwa wamekwisha kufa, na ulinzi ukabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake wachache, na Waafrika, wengi wao wanawake. Hao ndio walioishika ngome hadi msaada ulipofika mwezi Septemba kutoka Msumbiji.

Miongoni mwa merikebu zilizoleta msaada huo ilikuwamo manowari Santo António de Tanná. Mwezi Oktoba 1697 ilikatika kamba zake, ikachukuliwa na maji, ikazama chini ya kuta za ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao wa kigeni, walipiga mbizi na kuyachunguza mabaki yake. Vitu vilivyotolewa vimewekwa katika makumbusho ya ngome. Mtafutaji akisimama ukutani na kuyatazama maji, yuko mbele ya hazina ambayo haruhusiwi kuigusa, kwani mambo ya kale yanalindwa na sheria ya Kenya.

Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani waliitwaa ngome. Siku chache tu baadaye merikebu nyingine za Wareno zilitokea, zikaiona bendera ya Omani ikipepea, zikageuza. Msaada uliochelewa juma moja ni sawa na msaada usiokuja. Ofisa yeyote wa ugavi na alitafakari jambo hilo.

Kwa ndugu zetu polisi kuna fundisho jingine. Mwezi Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, kijisanduku cha mchezo huu kilidhaniwa kuwa bomu, wataalamu wa milipuko wakaitwa na kukilipua. Askari waliokishuku walifanya wajibu wao. Kosa ni la mwenye kuficha kopo lisilo na alama, karibu na watu, bila ruhusa. Kwa hiyo askari wa doria na ajue kwamba mchezo huu upo, lakini asikiguse kifurushi asichokijua kwa kudhani ni mchezo. Akiache, awaondoe watu, aite wenye ujuzi.

Makamanda wa vikosi wanaweza kulitumia wazo hili bila gharama kubwa. Chagueni mahali penye historia karibu na kambi, ombeni ruhusa kwa wanaopatunza, andikeni vituo sita au saba kwa vipimo vya ramani, na katika kila kituo ulizeni swali moja ambalo jibu lake halipatikani ila kwa kufika. Nusu ya vijana watumie GPS, nusu dira na ramani, kisha wabadilishane. Betri huisha na setilaiti huzuilika. Dira na akili zibaki tayari.