Busaa na Joto la Mabati

Pombe inayochachuka hujipasha moto yenyewe. Chachu ikila sukari hutoa kileo, gesi na joto, ndiyo sababu dramu la busaa, pombe ya kienyeji ya mahindi na wimbi, lililokuwa baridi jana jioni hukutwa leo lina vuguvugu ubavuni. Katika chombo kikubwa joto hilo hukosa pa kutokea, na kilichomo huweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa.

Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako busaa hupikwa, si mji wa joto kali kama Lodwar au Mombasa. Mji uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mchana hufika nyuzijoto 27 hivi na usiku hushuka hadi karibu 14. Mgeni angeuliza: shida iko wapi? Shida iko chini ya mabati, saa nane mchana, Januari na Februari mvua ikiwa imekatika.

Busaa ina matakwa mawili yanayopingana. Kwanza unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku mbili tatu uchachuke. Hapa joto halina ubaya: bakteria wa asidi, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa ya mala, hulipenda. Unga huo hukaangwa juu ya bati pana hadi ugeuke kahawia na kunukia kijiji kizima (harufu hiyo haifichiki, jambo lililowaponza wapikaji wengi enzi za misako ya polisi). Kisha huchanganywa na maji na kimera cha wimbi, na hapo chachu hushika kazi kwa siku mbili hadi nne kabla ya kuchujwa.

Katika hatua hii ya pili, joto likipita kiasi, mambo huharibika haraka. Chachu hukimbilia sukari na kuacha vileo vizito vyenye harufu ya kuchoma pua. Bakteria nao huendelea kuongeza ukali, na hewa ikiingia, wale wa siki hupata nafasi. Mama pima, yaani muuza pombe, aliyetarajia kuuza Jumamosi jioni hujikuta na kitu kisichonyweka tangu adhuhuri.

Wazee hawakuwa na kipimajoto, lakini walikuwa na nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, na walikuwa na chungu. Ilesi, nje kidogo ya mji wa Kakamega, wanawake bado wanafinyanga vyungu vya kuuza kando ya barabara. Chungu kisichopakwa rangi ya kung'aa kina vitundu visivyoonekana; maji hupenya polepole, hukauka nje na kuondoka na joto. Nguvu yake si ndogo: lita moja ya maji ikikauka hubeba joto la kutosha kupoza zaidi ya lita 50 za maji kwa nyuzi 10. Plastiki haitoki jasho. Dramu la plastiki ni jepesi, halipasuki na huoshwa kwa urahisi, hivyo hakuna wa kumlaumu aliyelichagua, ila amebadilisha chombo kinachojipoza kwa kile kinachotunza joto.

Dawa yake ni kulifanya litoke jasho kwa nguvu. Dramu huwekwa kwenye beseni la maji, juu ya sakafu ya udongo, penye kivuli na upepo, kisha huvishwa gunia lililoloweshwa ambalo ncha zake zinagusa maji. Kinachosaidia ni kwamba mbinu hii hufanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu, yaani miezi ileile ya jua kali. Masika ya Aprili na Mei hewa hujaa unyevu na gunia halikauki, lakini wakati huo anga lenyewe limepoa. Vyombo viwili vidogo hupoa haraka kuliko kimoja kikubwa, na kuchanganya kimera magharibi huipa chachu usiku wa baridi wa kuanzia kazi. Penye umeme, chupa za maji yaliyoganda hutiwa kwenye beseni.

Hata Ulaya hawakuwa na hila kubwa zaidi. Bavaria, Ujerumani, mwaka 1553 ilipiga marufuku kupika bia miezi ya kiangazi. Miaka ya 1870 Carl von Linde aliwaundia watengenezaji bia wa Munich mashine za kupoza, na kwa mashine za aina hiyo bia za chupa ziliweza kupikwa hata katika nchi za joto.

Busaa yenyewe haikuwa na mlinzi wa namna hiyo. Miaka mingi, kwa kuogopa misako, ilipikwa kwa kujificha, nyuma ya nyumba au katika chumba kilichofungwa madirisha, na chumba kilichofungwa hakipitishi upepo.

Na ubaridi huo wote ni wa chachu tu, si wa mnywaji. Ukielekea Teso, mpakani na Uganda, pombe ya wimbi huachwa na machicha yake chunguni, wazee huketi na mirija mirefu, na chungu kikianza kupungua huongezwa maji moto.