Zawadi ya kujiunga, nani anailipia?

Lango la Hifadhi ya Taifa ya Mikumi liko kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Kila msimu wa utalii wageni hupita hapo wakiwa na kamera shingoni, na si ajabu ukamkuta mmoja ambaye hakutoa senti yake kununua tiketi ya ndege kutoka Marekani. Hakushinda bahati nasibu wala hana mjomba kwenye shirika la ndege. Aliomba kadi ya mkopo, akatimiza masharti, akapewa pointi, kisha pointi zikageuzwa tiketi.

Huko Marekani huo ni mchezo wa watu wazima. Wapo wanaochagua kadi kwa kuangalia kitu kimoja tu: mteja mpya anapewa nini siku akijiunga. Mwaka 2016 benki ya Chase ilitoa kadi iitwayo Sapphire Reserve. Ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu ya kwanza, ulipata pointi 100,000, na ukizitumia kwa safari kupitia benki hiyo zilikuwa na thamani ya dola 1,500. Ada ya mwaka ilikuwa dola 450, lakini watu waligombea kadi hiyo hata chuma cha kuitengenezea kikapungua. Kabla mwaka haujaisha, mkuu wa JPMorgan, kampuni mama ya Chase, Jamie Dimon, alisema zawadi hizo zingepunguza faida ya robo mwaka kwa dola kati ya milioni 200 na 300. Mapema mwaka 2017 zawadi ilikatwa nusu.

Benki haifanyi sadaka. Ikitoa dola 1,500 leo, inajua zitarudi kwa mlango upi.

Mlango wa kwanza ni duka. Kila kadi inapochanjwa, mwenye duka hukatwa asilimia fulani ya mauzo. Kwa kadi za mkopo za Marekani makato hayo huwa kati ya asilimia mbili na tatu. Mlango wa pili ni riba ya wale wasiomaliza deni mwisho wa mwezi. Wa tatu ni ada ya mwaka. Mwenye duka naye hafi na makato yake. Huyapandisha kwenye bei, na bei hiyo huilipa hata mteja aliyekuja na noti mkononi. Mwaka 2010 watafiti wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Boston walikadiria kwamba, kwa wastani, kaya inayotumia fedha taslimu hubeba dola 149 kwa mwaka kwa ajili ya kaya zinazotumia kadi, na kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Walioachiwa mzigo ndio wenye kipato kidogo zaidi.

Umoja wa Ulaya uliona hivyo. Mwaka 2015 uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa makato ambayo benki ya mwenye kadi ya mkopo inaweza kuchukua kwa kila malipo. Kisima kikapungua maji, na zawadi za kujiunga huko hazifanani na za Marekani.

Hata Mikumi mnyororo huo unafika. Zipo hoteli nchini zinazomwongezea mgeni asilimia kadhaa akilipa kwa kadi, na zipo zinazomeza gharama hiyo ndani ya bei ya chumba. Katika hizo za pili, Mtanzania aliyelala chumba cha jirani na kulipa kwa Lipa Namba amechangia kidogo safari ya mwenzake bila kujua.

Ofa za Mabwerebwere

Ukitoka barabara kuu ukaingia vijijini, Mabwerebwere wilayani Kilosa, kadi ya mkopo haijawa mada ya kijiweni. Benki za Tanzania zinazoitoa humtafuta zaidi mwenye mshahara unaopita benki hiyo, au mwenye amana ya kuweka dhamana. Mkulima wa mahindi na mpunga hana hati ya mshahara.

Lakini ofa za kujiunga anazo tele. Kuna laini mpya inayokuja na dakika na bando la wiki. Kuna akaunti ya benki inayofunguliwa chini ya mwembe, kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole, na fulana juu yake. Zipo kampeni za kuhamasisha watu walipe kwa kadi ili waingie kwenye droo ya fedha na safari, kama MastaBata ya benki ya NMB. Na kuna programu za simu zinazoahidi mkopo wa kwanza ndani ya dakika tano, bila mdhamini.

Hizo za mwisho ndizo za kuogopa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Waliozitumia wanazijua: unapojiunga unaruhusu programu isome majina yote ya simu yako, na siku ukichelewa kulipa, shemeji, mwalimu wa mtoto na mwenye nyumba wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Kilichoitwa mkopo wa haraka kimegeuka kausha damu.

Kalenda mbili

Tatizo kubwa la zawadi za kujiunga kwa mtu wa Kilosa ni tarehe. Ofa nyingi zimeandikwa kwa kalenda ya mshahara: tumia kiasi fulani ndani ya siku 90, rejesha ndani ya siku 30, pointi zinaisha Desemba. Mwalimu, nesi au askari wa hifadhi anaweza kwenda nayo, kwa kuwa fedha yake inaingia kila mwezi na matumizi yake anayajua. Akiwa na kadi ya mkopo, akaitumia kununua vitu ambavyo angenunua hata hivyo, na akalipa deni lote kabla ya tarehe, zawadi ni yake halali. Atakuwa ametumia fedha za benki mwezi mzima bila riba, na juu yake akapewa bakshishi.

Mkulima fedha yake ina msimu. Masika ya Machi hadi Mei ni wakati wa palizi na madeni. Neema huanza kuonekana mavuno yanapoanza, kuanzia Juni. Wakulima wa miwa wa bonde la Ruembe nao humsikilizia mwenye kiwanda cha sukari, ambacho masika hufungwa kwa matengenezo. Ofa ya miezi mitatu ikianza Machi, mtu huyu hana cha kutumia ili kufikia kiwango. Atakopa.

Tupige hesabu ya kubuni. Kadi inaahidi zawadi ya shilingi 50,000 ukifanya manunuzi ya shilingi 1,500,000 ndani ya miezi mitatu. Una shilingi 1,000,000, unakopa shilingi 500,000 ili utimize. Mkopeshaji mwenye leseni anayefuata ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi atakudai shilingi 17,500 kila mwezi. Miezi mitatu ni shilingi 52,500. Zawadi imekwisha, na umeongeza 2,500 kutoka mfukoni, kabla hatujagusa ada ya kadi. Na hapo tumemtumia mkopeshaji anayefuata sheria.

Zawadi inayorudi kwa mwenyewe

Kuna aina nyingine ya zawadi, na Tanzania imewahi kuifanya kwa namna iliyotajwa kuwa ya kwanza duniani. Fedha za wateja zilizo kwenye simu hazikai hewani. Huhifadhiwa kwenye akaunti maalumu za benki, na huko huzaa riba. Septemba 2014 Tigo Pesa, ambayo leo inaitwa Mixx by Yas, iligawa kwa wateja na mawakala wake dola milioni 8.7 zilizokuwa zimezaliwa na salio lao kwa miaka iliyotangulia. Hakuna aliyetakiwa kutumia zaidi ili apate. Aliyelipia zawadi ile alikuwa mwenye salio, naye ndiye aliyeipokea.

Vikoba vinafanya vivyo hivyo bila mitambo. Mfumo huu una undugu na vikundi vya akina mama ambavyo shirika la CARE lilivianzisha Niger mwaka 1991, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevipa nafasi katika daraja la nne. Mwanachama ananunua hisa kila wiki, anakopa, anarudisha na riba. Siku ya kuvunja kikoba, riba yote iliyokatwa inagawiwa kwa hisa. Mama aliyelipa riba Februari anaiona tena kwenye mgao wake, na kikundi kinajipangia chenyewe mgao uangukie mwezi gani: kabla ya shule kufunguliwa au kabla ya kununua mbegu. Vikoba vina matatizo yake, na mweka hazina akitoroka hakuna pa kudai haraka, lakini swali la nani analipia lina jibu ambalo kila mwanachama anaweza kulisoma kwenye daftari.

Kabla ya kuweka dole gumba

Anayeletewa ofa, iwe ya kadi, laini au mkopo, aulize mambo machache kabla ya kukubali. Ada ya mwaka au ya mwezi ni kiasi gani, na inaanza kukatwa lini, maana mara nyingi mwaka wa kwanza ni bure na wa pili unakuja kimyakimya. Matumizi gani yanahesabiwa? Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo kwa kawaida hakuhesabiki, na riba yake huanza siku hiyohiyo. Pointi zinaisha lini, na zinanunua nini kilicho karibu nami? Tiketi ya Dubai haimsaidii mtu anayehitaji nauli ya Morogoro mjini. Mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu? Na kama umesajili laini tatu kwa ajili ya bando za kukaribishwa, bonyeza *106# uone namba zote zilizo chini ya kitambulisho chako, kisha ufunge usizozitumia, kwa sababu tapeli akiipata moja, jina litakalosomwa polisi ni lako.

Benki nazo zina la kujifunza hapa. Inayotaka kumshika mteja wa Mabwerebwere iache fulana stoo. Impe mkopo wa mbegu unaoanza kurejeshwa Agosti, mahindi yakiwa yameshauzwa, na akaunti isiyokatwa ada wakati wa masika. Gharama yake inaweza isizidi ile ya gari la matangazo na kipaza sauti, na mteja huyo hatahama kwa sababu ya bando la wiki.