Mrithi na Msimamizi wa Mirathi

Katika Kiswahili mrithi na msimamizi ni maneno mawili yenye maana mbali mbali. Mrithi, kama mirathi na wosia, ni neno lenye asili ya Kiarabu: ndiye apataye fungu katika mali ya marehemu. Msimamizi ni neno la Kibantu, latoka katika kusimama: ndiye asimamaye mahali pa marehemu ili kumaliza shughuli zake. Asiyeshika tofauti hii aweza kuwadhulumu yatima, naye akidhani ametimiza desturi.

Desturi za makabila mengi yafuatayo ukoo wa baba humpa mwana wa kwanza heshima ya kushika mahali pa baba. Basi matanga yakiisha, ukoo hukaa na kumchagua mtu, na muhtasari wa kikao hupelekwa mahakamani. Hapo wengi hudhani kuchaguliwa ni kupewa mali. Sivyo. Katika Tanzania ukoo hupendekeza tu. Mahakama ndiyo imwekayo, nayo kwanza hutoa tangazo, ili mwenye pingamizi alilete.

Akiisha kuwekwa, hukusanya mali, hulipa gharama za maziko na madeni, kisha huwagawia wenye haki kilichobaki. Katika Mahakama ya Mwanzo hupaswa kuleta orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, na baadaye hesabu ya mgawanyo. Akiwa yeye mwenyewe ni mrithi, hupata fungu lake, wala si zaidi. Akiuza shamba na kula fedha, ameila amana, na mahakama yaweza kumwondoa.

Hatari kubwa humwangukia mjane. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilisema kwamba hana fungu, iwapo mumewe ameacha jamaa wa ukoo. Kwa hiyo mume mwenye busara huacha wosia. Kwa kanuni hizo, wosia wa mdomo wataka mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kama mwenyewe ajua kusoma na kuandika, wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki.

Mwalimu na kasisi huombwa mara nyingi kuandika muhtasari wa ukoo. Yafaa waulize kwanza: Je, mjane yumo kikaoni? Watoto wote wametajwa, hata wa kike? Wadai wanajulikana? Kalamu isiyouliza hayo yaweza kumtoa mjane nyumbani mwake.