Ukweni Bhuj: Kuona na Kuonwa

Mtu aendaye ukweni kwa mara ya kwanza hujitayarisha kutazamwa, kwani anajua ya kuwa namna atakavyokaa, atakavyokula na atakavyowaamkia wakubwa ndiyo yatakayozungumzwa usiku yeye akisha kulala. Basi na ajitayarishe mara mbili mwanamke aliyeolewa katika ukoo wa Kihindu wenye asili ya Kutch, magharibi ya Bara Hindi. Maana aghalabu, hata mizigo haijafunguliwa vyema, mama mkwe atataka kumpeleka hekaluni katika mji wa Bhuj, ili bibi arusi asionwe na jamaa tu, bali aonwe na Mungu wao pia.

Hekalu hilo ni la wafuasi wa Swaminarayan, mwalimu aliyefariki mwaka 1830, na jengo la awali lilisimamishwa angali hai, mwaka 1823. Zilzala ya tarehe 26 Januari 2001, iliyoua watu wapatao 20,000 katika jimbo la Gujarat, ililiharibu vibaya. Likajengwa jingine la marumaru, likafunguliwa mwaka 2010, kwa sadaka ambazo baadhi yake zilitoka kwa watu wa Kutch wakaao Kenya na Uingereza. Kwa hiyo mgeni atokaye Mombasa au Nairobi asistaajabu akiamkiwa uani kwa Kiswahili na mzee aliyerejea kwao.

Viatu huvuliwa nje, mabega na miguu husitiriwa, na hayo hayahitaji kufundishwa mtu wa pwani. Lililo gumu ni kwamba ndani wanaume na wanawake hutengana, hata mume aliyekuwa mkalimani akatoweka, na mgeni akabaki mikononi mwa mama mkwe na mawifi. Kadhalika masadhu, yaani watawa wavaao nguo za rangi ya zafarani, wameweka nadhiri ya kutosema na wanawake wala kuwagusa. Asiyejua huweza kumnyoshea mmoja wao mkono kwa heshima, akapewa kisogo, akadhani ametukanwa, kumbe mwenziwe anatimiza nadhiri yake.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho, lakini hapa nasaha hiyo haifai, kwa kuwa wote walioingia wamekuja kufumbua macho. Ibada yenyewe huitwa darshani, maana yake kuona. Mwenye dini hii haitazami sanamu kama tutazamavyo picha ukutani. Huitakidi kwamba Mola yumo mle, na ndiyo sababu kila siku sanamu huamshwa alfajiri, ikaogeshwa, ikavikwa, ikaandaliwa chakula, na saa ya mapumziko pazia likafungwa, hata aliyetoka safari ndefu akawa hana budi kungoja. Pazia likifunguliwa, mja humwona Mungu na Mungu humwona mja. Ndipo taa za arati huzungushwa kwa taadhima, kengele zikalia, kisha watu wakapitisha viganja juu ya mwali na kuvipeleka usoni.

Baadaye hugawanywa prasada, yaani chakula kilichotangulizwa kwa Mungu, nacho hupokelewa kwa mkono wa kulia. Hapo dhamiri ya Mwislamu au Mkristo huweza kutaabika, kwani si sawa na kupokea kashata barazani. Asiyeweza kukila na amwambie mumewe mapema, naye amweleze mamaye. Maana neno lililotangulizwa nyumbani ni adabu, na neno lilo hilo likitamkwa mbele ya sahani huwa fedheha. Vivyo hivyo katika kuinama na kusujudu: mgeni aliyesimama nyuma kwa utulivu, macho wazi, hajawadanganya wenyeji wala nafsi yake, na mama mkwe akigeuka kumtafuta katika kundi la wanawake, atamwona kama alivyo.